Imamu Shafii na Kauli Zake za Kale

Wengi wetu katika pwani hii twajiita Mashafii. Basi yatupasa kumjua mwenye jina hilo. Muhammad bin Idris Al-Shafii alizaliwa Gaza mwaka 150 Hijria (767). Babaye alikufa naye angali mdogo, na mamaye, aliyekuwa fukara, akamhamishia Makka. Huko alihifadhi Kurani. Kisha alikwenda Madina kusoma kwa Imamu Malik, na baadaye Baghdad kwa Muhammad bin Al-Hasan, mwanafunzi wa Abu Hanifa.

Mwaka 195 alirudi Baghdad akasomesha, akawa imamu mwenye kufuatwa. Mwingine angalitua hapo. Yeye, umri ukikaribia miaka 50, alihamia Misri. Huko aliihesabu nafsi yake: akazipitia upya fatwa zake, akaiandika tena Risala yake, na mengi aliyoyasema Iraq akayaacha alipoona dalili yenye nguvu zaidi. Ndipo wanavyuoni wakanena kauli ya kale na kauli mpya. Aliwausia wanafunzi wake kwamba ikisihi Hadithi kinyume cha kauli yake, waishike Hadithi. Alifariki Misri mwaka 204 (820), Mwenyezi Mungu amrehemu.

Basi ndugu zetu, ikiwa imamu mwenyewe aliiacha kauli yake mbele ya dalili, sisi twashikiliaje desturi isiyo na dalili, kwa hoja tu kwamba tuliwakuta nayo wazee wetu? Kumfuata Shafii ni kujihesabu kama alivyojihesabu yeye.