Miller Reese Hutchison

Miller Reese Hutchison (Montrose, Alabama, 6 Agosti 1876 – New York, 16 Februari 1944) alikuwa mhandisi wa umeme na mvumbuzi wa Marekani. Anakumbukwa hasa kwa vitu viwili vinavyoonekana kupingana. Cha kwanza ni kifaa cha umeme cha kuwasaidia watu wasiosikia vizuri. Cha pili ni Klaxon, honi ya gari yenye mlio mkali uliosikika duniani kote mwanzoni mwa karne ya 20. Pia alikuwa mhandisi mkuu wa Thomas Edison.

Utoto na elimu

Hutchison alizaliwa Montrose, kijiji kilichopo kando ya Ghuba ya Mobile, kusini mwa Marekani. Alisoma katika shule na vyuo vya eneo hilo, kikiwemo Chuo cha Spring Hill mjini Mobile. Kisha aliendelea na masomo katika chuo cha ufundi cha jimbo la Alabama, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Auburn, akahitimu uhandisi wa umeme mwaka 1897.

Alikuwa bado mwanafunzi alipopata hataza yake ya kwanza, mwaka 1895, kwa kifaa cha kukinga nyaya za telegrafu dhidi ya radi. Wakati wa vita kati ya Marekani na Hispania mwaka 1898 alifanya kazi kama mhandisi wa idara ya minara ya taa, akishiriki kutandaza nyaya na mabomu ya majini ya kulinda bandari za Ghuba ya Meksiko.

Kifaa cha kusikia

Hutchison alikuwa na rafiki wa utotoni aliyepoteza uwezo wa kusikia kutokana na ugonjwa. Hali hiyo ilimfanya ajiulize kama umeme ungeweza kuikuza sauti kabla haijafika sikioni. Ili kuelewa vizuri zaidi, alihudhuria pia masomo ya udaktari kuhusu muundo wa sikio.

Alianza na teknolojia ya simu. Katika maikrofoni ya simu za wakati ule, sauti ilitikisa kiwambo, yaani bamba jembamba linalocheza kama ngozi ya ngoma. Kiwambo kilibana na kuachia chembe za kaboni zilizopitisha umeme, na kwa njia hiyo mkondo wa umeme ulifuata mtikisiko wa sauti. Kwa kutumia betri yenye nguvu, sauti iliyotoka upande wa pili ilikuwa kubwa kuliko ile iliyoingia.

Kifaa chake cha kwanza, kilichoitwa Akouphone, kilikuwa kikubwa, cha kuwekwa mezani. Mwaka 1902 alikuwa ameshatengeneza kilicho kidogo zaidi na cha kubebeka, kwa jina la Acousticon. Mmoja wa watumiaji wake alikuwa Malkia Alexandra wa Uingereza, mke wa Mfalme Edward VII, ambaye alikuwa na tatizo la kusikia. Malkia alimtunuku Hutchison medali.

Hata hivyo kifaa kilikuwa na mipaka. Kiliwafaa watu waliobakiwa na uwezo kiasi wa kusikia, lakini hakikuweza kumsaidia aliyekuwa kiziwi kabisa. Tena betri zake ziliisha haraka. Mwaka 1905 Hutchison aliuza haki za Acousticon kwa mfanyabiashara Kelley Monroe Turner, akaelekeza juhudi zake kwingine.

Honi ya Klaxon

Chanzo chake

Katika miaka hiyo magari yalikuwa yakiongezeka katika mitaa ya New York, ambako barabara ilikuwa bado ya watembea kwa miguu, watoto na mikokoteni ya farasi. Madereva walitumia kengele, filimbi na hasa honi za mpira wa kubinya kwa mkono. Milio hiyo ilikuwa hafifu, na mingine ilifanana na ya ala za muziki, kwa hiyo ilipotea kwa urahisi katika kelele za mji. Hutchison aliona kwamba sauti ya kuonya haipaswi kupendeza: inatakiwa kumshtua mtu, ageuke na kuondoka njiani.

Jinsi inavyofanya kazi

Kwa mara nyingine alitumia kiwambo, lakini safari hii kilikuwa cha chuma cha pua na hakikutikiswa na sauti. Katikati ya kiwambo kuna kinundu cha chuma kigumu. Mbele ya kinundu hicho linazunguka gurudumu lenye meno, likiendeshwa na mota ndogo ya umeme. Kila jino linapopita husukuma kinundu, na kiwambo hurudi chenyewe kama springi. Kwa mfano, gurudumu lenye meno 10 likizunguka mara 40 kwa sekunde, kiwambo husukumwa mara 400 kwa sekunde. Mbele ya kiwambo kuna tarumbeta inayoelekeza sauti barabarani.

Kwa kuwa mota huanza polepole, huongeza mwendo, kisha hupungua swichi inapoachiwa, mlio wake hupanda na kushuka. Ndiyo sababu ya ule mlio unaoigizwa kwa maneno kama “a-uuu-ga”. Magari mengi ya wakati huo hayakuwa na umeme wa kutosha, hivyo ilitengenezwa pia aina ya mkono, ambayo dereva aliisukuma kwa kiganja ili gurudumu lizunguke.

Biashara na umaarufu

Mwaka 1908 kampuni ya Lovell-McConnell ya Newark, New Jersey, ilianza kuuza honi hiyo kwa kutumia haki za Hutchison. Jina Klaxon lilibuniwa kutokana na neno la Kigiriki cha kale lenye maana ya kupiga ukelele. Matangazo yake yaliwaambia wenye magari kwamba honi hiyo ni kifaa cha usalama wala si pambo. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia honi za Klaxon zilitumika pia kwenye mahandaki kuwaonya askari kwamba gesi ya sumu inakuja. Mwaka 1916 kampuni ilinunuliwa na United Motors, ambayo miaka miwili baadaye iliingizwa katika General Motors.

Malalamiko nayo hayakukosekana. Madereva wengi walibonyeza honi badala ya kupunguza mwendo, wakimwachia mtembea kwa miguu jukumu lote la kujiokoa. Wakazi wa miji walilalamikia kelele, na mwaka 1929 New York iliunda tume ya kuzichunguza, zikiwemo za honi. Taratibu nafasi ya honi za mota ilichukuliwa na honi za sumaku-umeme, zenye mlio wa kiasi, umbo dogo na bei nafuu.

Hitilafu za honi hizi katika magari ya kale

Honi za mota za mtindo wa Klaxon bado zimo katika magari ya kale yanayotunzwa, kwa mfano Ford Model A iliyotengenezwa kati ya 1927 na 1931. Kwa kuwa muundo wake ni rahisi kueleweka, hitilafu zake nyingi hutambulika kwa kufuata njia ya umeme na ya mtikisiko hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kuitenga honi na gari, kisha kuiunganisha moja kwa moja na betri yenye volti zinazostahili. Magari mengi ya zama hizo yalitumia volti 6, na betri ya volti 12 inaweza kuunguza mota. Honi ikilia, basi kasoro iko katika nyaya, kitufe au ethi ya gari, wala si katika honi yenyewe. Katika Model A kitufe hukamilisha njia ya umeme kwa kuigusisha na bodi ya gari. Hivyo kutu au rangi kwenye maungio huweza kuinyamazisha honi. Na waya uendao kwenye kitufe ukichubuka na kugusa chuma, honi hulia yenyewe bila kukoma.

Mota ikizunguka bila mlio kutoka, mara nyingi meno ya gurudumu hayafiki kwenye kinundu. Skrubu ya nyuma ya honi hutumika kulisogeza gurudumu, kidogo kidogo, mpaka mlio upatikane. Ikikazwa kupita kiasi mota hukwama, hunguruma na kupata moto bila kuzunguka. Grisi iliyokauka kwa miaka mingi huleta dalili hiyohiyo. Mota isipozunguka kabisa, hukaguliwa kaboni zake zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, pamoja na uchafu uliogandamana mahali zinapogusa; uchafu huo huondolewa kwa msasa laini. Kinundu kilicholika au kiwambo kilichopasuka hakiponi kwa skrubu, bali hubadilishwa.

Kazi kwa Edison

Baada ya mafanikio ya Klaxon, Hutchison alijiunga na maabara ya Thomas Edison huko West Orange, New Jersey, akapanda hadi kuwa mhandisi mkuu. Edison mwenyewe alikuwa na usikivu hafifu. Mwaka 1915 Edison alipofanywa mkuu wa bodi ya ushauri wa kisayansi ya jeshi la majini la Marekani, Hutchison alikuwa msaidizi wake.

Jukumu lake kubwa lilikuwa kulishawishi jeshi hilo litumie betri za Edison katika nyambizi. Betri za kawaida za risasi na asidi zilikuwa na hatari kubwa: maji ya bahari yakiingia ndani yake hutokea klorini, gesi yenye sumu. Betri za Edison, za nikeli na chuma, hazikuwa na asidi, kwa hiyo zilitangazwa kuwa salama kwa mabaharia. Lakini zilitoa gesi ya hidrojeni, ambayo ikichanganyika na hewa hulipuka kwa cheche ndogo tu.

Tarehe 15 Januari 1916 nyambizi E-2, iliyofungwa betri hizo, ililipuka ikiwa katika matengenezo kwenye gati la jeshi la majini huko Brooklyn, New York. Wafanyakazi kadhaa walikufa na wengine walijeruhiwa. Upande wa Edison ulidai kwamba hewa haikupitishwa ndani vya kutosha. Wakosoaji walisema kwamba hatari ya hidrojeni haikupewa uzito unaostahili wakati betri zilipotangazwa. Mlipuko huo uliharibu matumaini ya betri hizo katika nyambizi, na pia sifa ya Hutchison aliyezipigania. Kabla ya mwisho wa muongo huo aliachana na Edison.

Miaka ya mwisho na kumbukumbu

Baadaye Hutchison aliendesha shughuli zake mwenyewe za uhandisi na uvumbuzi. Miongoni mwa kazi zake nyingine ni kipima-mizunguko cha umeme cha kuonyesha kasi ya mashine za meli. Alifariki New York mwaka 1944 akiwa na umri wa miaka 67.

Upo mzaha wa zamani, unaohusishwa na mwandishi Mark Twain, kwamba Hutchison alibuni honi ili awaharibu watu masikio wanunue kifaa chake cha kusikia. Kwa kweli alikuwa ameshauza haki za Acousticon miaka mitatu kabla Klaxon haijaingia sokoni.

Jina la honi yake limeingia katika lugha nyingi. Kifaransa huita honi yoyote ya gari klaxon, na neno hilo husikika pia Kongo na penginepo Afrika panapotumika Kifaransa. Kihispania na Kiitaliano vina maumbo yao ya neno hilohilo, wakati Kiswahili kilichukua honi kutoka Kiingereza.