SITI BINTI SAAD: SAUTI ILIYOTOKA FUMBA IKAVUKA BAHARI

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Mwaka huu nimeonelea niwaandikie maisha ya Bi. Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja. Sisi wa Malindi na Kilifi twaisikia taarabu penye harusi, lakini ukiuliza ni nani waliotangulia kukitia Kiswahili katika santuri, wengi wetu tutabaki kutazamana tu.

Alizaliwa Fumba mnamo mwaka wa 1880. Wazazi wake walikuwa maskini wenye asili ya bara, na yeye akaitwa Mtumwa. Jina hilo halikuwa mzaha, kwani utumwa Unguja ulikuja kupigwa marufuku mwaka wa 1897. Shule hakwenda. Kwa mama yake alijifunza kufinyanga vyungu, akawa anavitembeza na kuvinadi. Yasemekana watu waliisikia sauti yake kabla hawajamwona mwenyewe. Mwaka wa 1911 akahamia mjini, na huko Ali Muhsin akamfundisha kuimba. Hapo ndipo alipokuja kujulikana kwa jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima. Hebu fikirini, kutoka Mtumwa hadi Siti!

Zamani hizo taarabu ilikuwa ya wakubwa. Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, aliileta kutoka Misri, na ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti na wenzake, kama Subeti bin Ambar, Buda bin Swedi, Mbaruku na Mwalim Shaaban, waliiimba kwa Kiswahili hata mchukuzi wa bandarini akafahamu. Wako waliomcheka kwa sura yake na kwa umaskini aliozaliwa nao. Yeye hakutukana mtu, alijibu kwa wimbo.

Mwaka wa 1928 walisafiri hadi Bombay, Uhindi, kurekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice, maana yake Sauti ya Bwana Wake. Alama yake ilikuwa mbwa anayesikiliza gramafoni. Mimi jambo hili lilinishangaza sana. Mwanamke aliyeitwa Mtumwa, sauti yake inauzwa chini ya jina la Sauti ya Bwana Wake! Lakini aliyekuwa akisikilizwa humo ni yeye, si bwana yeyote.

Sasa nataka tusikilize kidogo. Darasani tumezoea kuhesabu mizani na vina tu, tukishamaliza twafunga kitabu. Lakini tungo za Siti zilikuwa za masikio. Nimesikiliza baadhi ya nyimbo zake zilizonakiliwa kutoka santuri, na nimeona mambo matatu.

La kwanza ni mwendo. Si wa mbio. Ngoma inakwenda kwa utulivu, na sauti haiharakishi. Inavuta neno moja, inalizungusha, kisha inarudi palepale ngoma inapoingojea. Na kumbe nafasi yenyewe ilikuwa finyu! Upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulichukua kama dakika 3. Kwenye baraza wimbo huendelea mpaka watu watosheke, lakini penye santuri ni lazima ukatwe au ugeuzwe upande wa pili.

La pili ni ngazi ya sauti. Muziki huu wafuata makamu za Kiarabu, kama vile Rasti, Bayati na Saba. Ndani yake mna sauti ambazo kinanda cha kawaida hakina, zinazokaa katikati ya sauti mbili. Udi na fidla huweza kuzitoa kwa sababu shingo zao hazina vigawanyo kama gitaa. Tena santuri hizo huzunguka mara 78 hivi kwa dakika. Gramafoni za kuzungusha kwa mkono zikipungua nguvu, wimbo hauchelewi tu, na sauti nayo hushuka ikawa nzito. Kwa hivyo anayetaka kujua Siti aliimba juu kiasi gani, na ahakikishe kwanza mwendo wa mashine, asije akamsingizia marehemu.

La tatu ni hisia. Wimbo wake uitwao Kijiti wahusu mwanamke mgeni kutoka Mrima aliyeuawa Unguja. Muuaji alitoroka, na walioadhibiwa ni mashahidi. Mwimbaji mwingine angelipiga kelele. Siti aliisimulia dhuluma hiyo katika muziki ambao watu waliukalia kitako kujiburudisha, na nafikiri ndiyo sababu iliwachoma. Mtu aliyekuja kustarehe aliondoka akiulizana na mwenzake juu ya mahakama. Maneno peke yake yangekuwa habari tu, na habari husahaulika upesi.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert alimwandikia kitabu, Wasifu wa Siti binti Saad. Bi Kidude, aliyefariki mwaka wa 2013, aliendelea kuziimba nyimbo zake, na waandishi wa habari wanawake wa Tanzania, TAMWA, waliliita jarida lao Sauti ya Siti.

Ndugu zangu wanachama, santuri za zamani zikianguka huvunjika kama vile vyungu vya Fumba. Ikiwa nyumbani kwenu babu au bibi ana santuri au kanda za taarabu, tafadhali msizitupe. Mwombeni awaambie ni nani aimbaye na wimbo ulitungwa kwa sababu gani, muyaandike. Sauti yaweza kunakiliwa kwa mashine, lakini kisa chake kikifa na mzee hakuna mashine ya kukirudisha.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bi. Siti.