Khayyam na Pembe Mbili za Juu

Ukitaja Omar Khayyam pale kantini, wengi watakumbuka mashairi, tena mashairi ambayo wataalamu bado wanabishana ni mangapi aliyatunga kweli. Sisi tunaosomea ualimu wa hesabu tuna Khayyam wetu mwingine.

Alizaliwa mwaka 1048 mjini Nishapur, katika nchi ambayo leo ni Iran. Khayyam maana yake mshona mahema. Hata neno letu hema asili yake ni Kiarabu hichohicho. Yeye lakini hakushika sindano, alishika bikari. Kwenye mwaka 1070 alikuwa Samarkand, na kadhi Abu Tahir akimsaidia, akaandika kitabu chake cha aljebra.

Katika kijitabu kingine alihangaika na pembetatu moja tu yenye pembe mraba: ile ambayo upande wake mrefu zaidi unalingana na mmoja wa pande fupi ukijumlishwa na kimo kinachoangukia upande huo mrefu. Hebu ijaribu. Ukiitazama utadhani ni swali la kidato cha pili, kumbe inakupeleka kwenye mlinganyo wa kipeo cha tatu! Akautatua kwa kukutanisha duara na haipabola.

Mwaka 1074 Sultani Malik Shah akamwita Isfahan kwenye kituo cha kuangalia nyota. Kalenda waliyoitengeneza ilianza kutumika 1079. Kazi ya ikulu, na waziri mkuu Nizam al-Mulk yuko upande wako. Mwingine angetulia hapo. Yeye, 1077, katikati ya shughuli hizo, akamaliza kitabu kuhusu mambo magumu ndani ya Euclid, na humo ndimo limo umbo ninalolipenda.

Chora kitako. Kila ncha simamisha mstari kwa nyuzi 90, yote miwili iwe na urefu sawa, kisha unganisha vichwa. Utasema huo ni mstatili, habari imeisha. Khayyam anauliza: pembe mbili za juu, nani kakuambia nazo ni mraba? Kuonyesha kwamba zinalingana ni kazi ya dakika tano ubaoni. Ila kulingana ni jambo moja na kuwa mraba ni jingine. Zingeweza kuwa kali zote, au butu zote. Mwanafunzi akikuuliza hivyo, ukimjibu kwamba ndivyo ilivyo, umemfungia mlango uleule ambao Khayyam aliugonga.

Yeye alizikataa pembe kali na butu kwa hoja kwamba mistari miwili inayokaribiana haiwezi kuanza kuachana upande uleule. Kwa maoni yangu hapo aliteleza, maana kauli hiyo ina uzito sawa na jambo lenyewe alilotaka kulithibitisha. Lakini swali lilibaki. Mwaka 1733 Mwitaliano Saccheri alilichora tena umbo lilelile. Karne ya 19, Lobachevsky na Bolyai walikubali njia ya pembe kali, wakapata jiometri nyingine nzima isiyojipinga. Na butu? Chukua mpira wa miguu, vuta nyuzi juu yake badala ya mistari, upime mwenyewe.

Mwaka 1092 mambo yalimgeuka. Nizam al-Mulk aliuawa, Sultani naye akafa mwaka huohuo, na fedha za kituo zikakatwa. Waandishi wa baadaye wanasimulia kwamba watu walianza kuitilia shaka imani yake, akaenda kuhiji Makka. Alifanya kazi Merv pia, kisha akafa kwao Nishapur mwaka 1131.

Sifa za mashairi zilisambaa Ulaya baada ya tafsiri ya FitzGerald ya 1859. Lile umbo, vitabu vingi huliita pembenne ya Saccheri. Vichache huongeza jina la Khayyam. Nikienda mazoezi ya kufundisha, ubaoni nitaandika Khayyam kwanza.