Mugo wa Kibiru, Mwaguzi wa Nchi ya Thika

Kila nchi ina mazungumzo yake ya usiku. Sisi wa pwani tuna baraza zetu, ambapo baada ya sala ya isha wazee walikuwa wakikaa kusimulia habari za Fumo Liyongo. Kwa Wakikuyu wa upande wa Thika na Ruiru mahali hapo palikuwa thingira, yaani nyumba ya mwanamume mwenye mji. Watoto walipata ngano kwa nyanya zao katika nyumba za akina mama. Thingirani walizungumza watu wazima, moto ukiwa katikati, wakitaja nasaba, vita, mipaka ya ardhi na maneno ya waaguzi. Na mwaguzi aliyesimuliwa mno ni Mugo wa Kibiru.

Jina lake hasa ni Chege. Mugo ni cheo, maana yake mganga na mwaguzi. Inasimuliwa kuwa mwindaji mmoja wa Kariara, jina lake Kibiru, alimkuta msituni akiwa mtoto mdogo, peke yake, asijulikane baba wala mama. Akamchukua, akamlea kama mwanawe. Hayo yalikuwa katika karne ya 19, kabla ya Mwingereza kufika bara.

Alipokuwa mtu mzima aliwaambia wazee kwamba watakuja wageni kutoka upande wa maji makubwa, ngozi zao kama za vyura wadogo, nguo zao kama mbawa za vipepeo, na fimbo zao hutema moto. Nyuma yao litafuata joka la chuma, litambae toka maji ya mashariki hata maji ya magharibi. Akawaonya vijana wasiwakabili kwa mikuki, maana wangekwisha. Wawapokee kwa adabu, ila wasiwasogeze karibu na miji yao, kwani watatamani ardhi.

Yaliyofuata yamo katika tarehe. Mwaka 1890 Waiyaki wa Hinga alifanya mapatano na Lugard huko Dagoretti; mwaka 1892 alikamatwa, akafia Kibwezi akiwa njiani kuletwa pwani. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na ziwani 1901. Mwaka 1913 tawi lake likapita Ruiru hadi Thika, na ardhi ile ikawa mashamba ya walowezi ya kahawa na katani.

Hapo masimulizi ya thingirani yakapata kazi mpya. Yasemekana Mugo alitaja pia mugumo, mti mkubwa wa jamii ya mkuyu uliokuwa Thika, kwamba siku utakapoanguka utawala wa wageni utakwisha. Kwa mtu aliyenyang'anywa shamba la babu yake, hiyo ilikuwa habari ya kumlaza usingizi. Wasimulizi husema serikali iliposikia iliuzungushia mti ule chuma usianguke. Mwaka 1963 radi ikaupiga, ukaanguka, na tarehe 12 Desemba mwaka huo huo Kenya ikapata uhuru. Mahali pake ni bustani ya ukumbusho mjini Thika.

Muislamu atauliza, na ni haki yake: ghaibu aijuaye si Mwenyezi Mungu peke yake? Tena habari hizi Jomo Kenyatta alizitia kitabuni mwaka 1938, joka lile likiwa limekwisha kutambaa miaka mingi. Ni kipi alichosema Mugo, na kipi kilichoongezwa na ndimi za wasimulizi, Allah ndiye ajuaye. Jirani zetu Wagiriama nao wana habari kama hizo za Mepoho, mwanamke aliyetabiri kuja kwa wageni wenye nywele kama katani.

Lakini nasaha haihitaji uaguzi. Kumpokea mgeni kwa adabu bila kumkabidhi ardhi ni neno la mtu mwenye busara, na waliolisahau waliishi kuwa vibarua katika mashamba ya baba zao. Ndiyo maana wazee wa Thika walilirudia kila jioni, vijana wakisikiliza.