Elijah Masinde: Mhubiri Aliyeitwa Mwendawazimu

Ukisimama Kitale ukatazama magharibi, au ukisimama Bungoma ukatazama kaskazini, utauona mlima mmoja. Ramani zinauita Elgon. Wabukusu wanauita Masaba. Wafuasi wa Dini ya Msambwa waliuita Sayoni. Kwangu mimi, ambaye kazi yangu ni kuchunguza maneno, jina hili la tatu ndilo linaloeleza mengi kuhusu mtu aliyewashughulisha watawala kwa zaidi ya miaka arobaini.

Mtu huyo ni Elijah Masinde. Kila ninapolitaja jina lake darasani, hakosekani mwanafunzi wa kucheka na kuuliza kama si yule mwendawazimu wa Kimilili. Kicheko hicho ndicho kilichonisukuma kuandika makala haya.

Masinde alizaliwa Kimilili karibu mwaka wa 1910. Katika ujana wake alisifika kwa kandanda, na mwaka wa 1930 aliichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Alilelewa kidini katika Kanisa la Marafiki, akaijua Biblia, na baadaye akatengwa na kanisa hilo kwa sababu ya kuoa mke wa pili. Hapo ndipo swali lake la kwanza lilipozuka. Iwapo Ibrahimu na Yakobo waliokuwa na wake zaidi ya mmoja walihesabiwa kuwa watu wa Mungu, Mbukusu alikosa nini?

Swali hilo lilizaa mengine. Wilayani Trans Nzoia, ardhi yenye rutuba ilikuwa imegawiwa walowezi, nao Waafrika wakiishi humo kama maskwota, wakitoa jasho lao ili waruhusiwe kulima kishamba na kulisha ng'ombe wachache. Katika miaka ya 1940 hata ng'ombe hao walipunguzwa kwa amri. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, vijana walikusanywa kwenda kufanya kazi za lazima. Mtu aliyesikia kanisani habari za Waisraeli waliotumikishwa Misri hakuhitaji mfasiri.

Masinde alipowapinga waliokuja kuwakusanya watu, serikali haikujibu hoja zake. Mwaka wa 1945 alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, akakaa huko hadi 1947. Alipotoka, aliwakusanya maelfu ya watu Chetambe, karibu na Webuye, mahali ambapo Wabukusu wengi waliuawa na majeshi ya Waingereza mwaka wa 1895. Pale wakawaombea wafu wao. Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wake huko Malakisi, watu 11 wakafa. Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku, naye Masinde akakamatwa na kuhamishiwa mbali, Lamu.

Hebu tulitazame jina la dini yenyewe. Neno dini ni la Kiswahili, lenye asili ya Kiarabu. Msambwa latokana na Kibukusu, ambamo kimisambwa ni mizimu ya wahenga. Jina hilo limeunganisha neno lililotoka pwani na neno la nyumbani, na ndivyo mahubiri ya Masinde yalivyokuwa. Hakuitupa Biblia, aliisoma akiwa amekaa katika kiambo cha baba yake. Sayoni haikuwa tena mji wa ng'ambo, bali mlima ulioonekana kutoka mlangoni pa msikilizaji.

Hata hivyo, mwalimu mwaminifu hana ruhusa ya kumfanya Masinde malaika. Chuki dhidi ya wageni ilikuwa sehemu ya ujumbe wake, na katika harakati hizo majengo yalichomwa moto na watu wasio na hatia wakatishwa. Neno linaloamsha laweza pia kuunguza, na mhubiri hawezi kunawa mikono baada ya kuuwasha moto.

Uhuru ulipokaribia aliachiliwa. Marufuku ya dini yake iliondolewa mwaka wa 1964, ikarejeshwa mwaka wa 1968. Serikali ya wananchi nayo ilimfunga mara kadhaa, kwa kuwa hakuacha kuuliza mambo ya ardhi na haki. Alifariki mwaka wa 1987. Walioshika hatamu walibadilika, lakini jawabu lao kwake lilibaki lile lile: kufuli.

Nayo maswali yake hayakuzikwa pamoja naye. Mapigano ya mwaka wa 1991 na 1992 katika Trans Nzoia na pande za Mlima Elgon, na umwagaji damu wa mwaka wa 2006 hadi 2008 kwenye miteremko ya mlima huo, yalihusu kwa kiasi kikubwa ardhi ile ile. Je, katika mimbari zetu za Kitale na Bungoma, ni mara ngapi habari ya shamba la Nabothi, aliyeuawa ili mfalme apate shamba lake la mizabibu, husomwa huku shamba la jirani likitajwa? Ni rahisi kuhubiri Yerusalemu ya mbali ambayo haimuudhi yeyote.

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja. Mwanafunzi akicheka jina la Masinde, msimkemee. Mwambieni aeleze ni nani aliyemwita mwendawazimu kwanza, lini, na kwa faida ya nani. Kisha aeleze ni wapi Masinde alikosea. Akiweza kuyajibu yote mawili, atakuwa amejifunza historia, na atakuwa amejifunza pia kwamba kumwita mtu mwendawazimu si kumjibu.