Curt Teich

Curt Teich (1877 – 1974) alikuwa mpiga chapa na mfanyabiashara mzaliwa wa Ujerumani. Alianzisha mjini Chicago, Marekani, kampuni iliyokuja kuwa kati ya wachapaji wakubwa wa postikadi duniani. Anakumbukwa hasa kwa "postikadi za kitani" zilizoonyesha hoteli, mikahawa, vituo vya mafuta na barabara kuu za Marekani.

Maisha

Alizaliwa Greiz, katika Thuringia, kwenye familia ya wapiga chapa. Alihamia Marekani mwaka 1895, na mwaka 1898 akafungua kampuni yake. Mwaka 1905 alisafiri kwa treni kupitia miji mingi ya nchi hiyo, akipiga picha za mitaa na maduka na kupokea oda. Tangu hapo postikadi zikawa kazi kuu ya kampuni.

Postikadi za kitani

Kampuni ilianza kuzitoa mwaka 1931. Licha ya jina lao, hazikuwa za kitambaa. Zilikuwa karatasi iliyogandamizwa vimistari vilivyopishana hadi ikafanana na kitani. Uso huo ulisaidia wino kukauka upesi na rangi kung'aa. Wenye hoteli nyingi waliwapa wageni kadi bure, kwani kila iliyotumwa ilikuwa tangazo.

Kazi ilianza na picha nyeusi na nyeupe. Mteja alieleza rangi ya paa, kuta na bustani, naye mchoraji wa kiwandani akazitia. Mchoraji huyo pia alifuta nguzo za umeme na nyaya, akaongeza mawingu, na pengine akabadilisha magari ya zamani yaliyoegeshwa mbele ya hoteli. Kwa hiyo mwanafunzi wa historia asiichukue kadi ya namna hii kama picha halisi ya jengo. Inaonyesha zaidi jinsi mwenye hoteli alivyotaka lionekane, na hilo nalo ni jambo la historia.

Wakusanyaji huzipenda kadi za Teich kwa sababu nyingi zina namba inayotaja mwaka. Herufi A ni miaka ya 1930 na B ni ya 1940. Tarakimu iliyotangulia hukamilisha mwaka. Hivyo 5A-H ni 1935, na 2B-H ni 1942. Muhuri wa posta hautoshi, maana kadi iliweza kukaa dukani miaka kadhaa kabla ya kununuliwa.

Kumbukumbu

Katika miaka ya 1950 kadi laini zenye picha halisi za rangi zilichukua nafasi ya zile za kitani. Teich alifariki mwaka 1974 na kampuni ikafungwa 1978. Bahati njema, alikuwa amehifadhi nakala za kazi zake. Zilitunzwa kwanza na makumbusho ya Lake County, Illinois, na mwaka 2016 zikahamishiwa maktaba ya Newberry mjini Chicago. Baadhi ya majalada bado yana picha za awali pamoja na maagizo ya wateja, na humo nguzo zilizofutwa zingali zimesimama.