Michael Faraday, Mtoto wa Mhunzi Aliyetuletea Umeme

Najua wengi wetu tukifika huku Texas tunaliogopa darasa la fizikia, hasa ukikuta wenzako walishazoea hesabu nzito tangu sekondari. Basi leo nataka niwasimulie habari za Michael Faraday.

Alizaliwa mwaka 1791 karibu na London, baba yake mhunzi. Shuleni aliambulia kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Akiwa na miaka 14 akapelekwa kwa Bwana Riebau kujifunza kazi ya kujalidi vitabu, miaka 7 mizima. Yeye hakuishia kuvishona tu, akawa anavisoma! Humo ndimo alimokutana na habari za umeme.

Mwaka 1812 mteja mmoja alimpa tiketi za kwenda kumsikiliza mwanakemia Humphry Davy. Kijana akaandika alichosikia, akakijalidi kwa mikono yake, akampelekea Davy mwenyewe. Mwaka 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara pale Royal Institution. Walipozunguka Ulaya, mke wa Davy alimfanya kama boi wa nyumbani. Akavumilia.

Mwaka 1831 alisukuma sumaku ndani ya waya uliozungushwa mara nyingi, mshale wa kipimo ukacheza. Sumaku ikitulia, hola. Kumbe sumaku peke yake haitoshi, lazima pawe na mwendo! Nami nimejaribu hapa Haltom City kwa waya wa shaba, sumaku ya dukani na mita ya fundi: namba ziliruka kila nilipoitikisa sumaku. Siri ni hiyo hiyo kwa maji ya Nile pale Jinja, maji ya mto Tana kule Kenya, na mapanga ya upepo ya huku Texas.

Hesabu ngumu Faraday hakuwa nazo. Yeye aliiona mistari ya nguvu kichwani, kisha James Clerk Maxwell akaja kuiandika kwa hesabu. Alifariki mwaka 1867, na heshima ya kuitwa Sir aliikataa.

Jamani, sisemi tuache kalkulasi, mtihani hautanisamehe! Nasema tusisome kila mtu chumbani kwake. Mwenye hesabu na mwenye mikono wakae meza moja. Faraday alimhitaji Maxwell, sembuse sisi?